Nilivyoukana Mlenda

Ndugu wasomaji, nataka kuwaeleza jambo lililonipata Jumamosi moja ya muhula huu, kisha niwaletee shauri. Anayetaka kunicheka na anicheke, lakini asome kwanza mpaka mwisho.

Siku hiyo mimi na mwenzangu mmoja wa bweni letu, ambaye kwao ni Rufiji, tulipata ruhusa ya kwenda mjini Dodoma kununua madaftari. Ilipotimu saa saba mchana njaa ikatushika, nasi tukaingia katika hoteli ndogo ya mama lishe karibu na Soko la Majengo. Palikuwa na mabenchi mawili, meza moja, na sufuria sita zimefunikwa. Nilimwamkia yule mama, "Shikamoo." Akaitikia, akanitazama usoni, akaongeza salamu ya kwetu: "Mbukwa!" Mimi nikajifanya sikusikia.

Basi akatufunulia sufuria moja moja: wali, maharage, nyama, supu ya kuku, ugali wa uwele, na ya mwisho mlenda wa karanga. Harufu ya ile ya mwisho ilinipeleka moja kwa moja jikoni kwa bibi yangu. Mwenzangu akachungulia, akasema, "Hiki nini, bwana? Mbona kinavutika kama gundi? Wewe mtu wa huku, unakijua?"

Nikajibu, "Sikijui. Labda ni chakula cha wazee."

Yule mama hakusema neno. Alifunika sufuria yake, akanipakulia wali na maharage niliyoagiza.

Mwenzangu aliagiza mlenda. Akala nusu, akasema wazi kwamba utelezi umemshinda ila karanga zimemkolea. Kisha akaanza kuwasifu kamba wa kwao, wanaovuliwa kule Rufiji penye mikoko, jinsi mama yake anavyowapika kwa tui jepesi na ndimu, mtu akanywa mchuzi bakuli zima. Nikamwambia hao ni wadudu. Akacheka sana. "Wadudu ndiyo, tena ndio walionikuza." Maneno hayo yalinichoma kuliko angenitukana, maana yeye yuko ugenini na hakioni haya chakula chao, na mimi niko kwetu nimekikana changu mbele ya mtu aliyekipika.

Nimejiuliza sana aibu hii ilitoka wapi. Huku kwetu mlenda huitwa chakula cha njaa, na njaa twaijua. Wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo, na mvua nazo zikakosekana. Lakini mboga iliyosalia wakati wa dhiki ina kosa gani? Mvua ya Dodoma ni kidogo, yapata milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Bibi yangu huchuma majani wakati huo, akayaanika juani, akayatwanga, akayaweka akiba. Ikifika Septemba, hakuna jani bichi lililobaki porini, yeye hutia konzi moja katika maji yanayochemka, akakoroga, akaongeza karanga zilizosagwa, na watu saba wakala. Hana jokofu wala duka jirani. Naona hiyo ni elimu kama ile tuifundishwayo darasani, ingawa haitatoka katika mtihani.

Tena mtama na uwele hustahimili ukame pale mahindi yanapokauka yakiwa yamefika kiunoni. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii hii duniani kote. Nasi huku zinakoota twaona fahari kula chipsi! Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mji umejaa watu wa kila mkoa, nao wangekula nini cha Dodoma ikiwa wenyeji tunasema hatukijui?

Shauri langu ni hili. Siku moja kila wiki jiko la shule litupikie ugali wa mtama au uwele kwa mlenda. Wako watakaosema kwamba wenzetu wa mikoa mingine hawataweza. Sikubali, kwa kuwa nimemwona mtu wa Rufiji akila nusu sahani bila kulazimishwa. Wengine watasema bei, na hilo ni neno la haki. Ndiyo maana naomba sehemu ya shamba la shule ipandwe mtama, nasi tulinde ndege kwa zamu. Najua kazi ya kulinda ndege, nimeifanya tangu mdogo, nayo si mchezo: ukisinzia kidogo kwelea kwelea hukuachia mabua. Mimi nitajiandikisha wa kwanza.

Wiki mbili baadaye nilipata ruhusa tena, nikaenda kwenye hoteli ile peke yangu. Safari hii nilimsalimu yule mama kwa Kigogo, nikaagiza mlenda. Akanitazama kitambo, halafu akacheka kidogo, akasema, "Umekwisha, mwanangu. Siku nyingine uwahi."