Songea: Kwa nini rubani huona uwanja, kisha akaondoka bila kutua?

Abiria wa ndege za kwenda Songea wanaijua hali hii. Ndege imeshashuka, mapaa ya mabati yanaonekana, ghafla injini inanguruma na ndege inapanda tena. Ndani watu wanataja majina ya Mungu. Nje, waliokuja kupokea wageni wanaulizana kama kuna hitilafu. Mara nyingi hitilafu haipo. Ni upepo.

Upepo unaovuma kwa nguvu ileile muda wote haumsumbui sana rubani. Kazi ipo kwa upepo wa vishindo, ule unaokuja kwa kasi, ukatulia, kisha ukarudi. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa yake. Tuseme ndege ndogo ya watu wanne inakaribia ardhi kwa kilomita 120 kwa saa, na upepo unaoikabili ni wa kilomita 30, wenye vishindo vya hadi 50. Kishindo kikikatika ghafla, hewa inayopita kwenye mabawa hupungua kwa kilomita 20 kwa saa papo hapo. Ndege huzama. Ikiwa juu sana, rubani ana nafasi ya kurekebisha. Ikiwa mita chache kutoka ardhini, hana.

Kwa hiyo marubani wengi hufundishwa kuongeza nusu ya tofauti hiyo kwenye mwendo wao. Hapa tofauti ni 20, basi wataongeza 10 na kushuka kwa 130. Kwa nini wasiongeze yote, au zaidi? Kwa sababu kila mwendo unaoongezwa unakula urefu wa njia ya kutua.

Upepo wa ubavuni nao una yake. Rubani huielekeza pua ya ndege upande unakotoka upepo, akasogea kimshazari kama mvuvi anayevuka mto wenye mkondo, na kuinyoosha tu karibu na kugusa ardhi. Anayeitazama kutoka chini anaweza kudhani ndege imepotea njia!

Songea ina mambo yake pia. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi, injini ndogo hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu kidogo. Milima kama Matogoro huvuruga upepo unaopita juu yake, mfano wa maji yanayopita kwenye mawe. Jua nalo huchemsha ardhi, hewa hupanda kwa mafungu, na ndiyo maana marubani wa ndege ndogo hupenda asubuhi. Masika yakifika, wingu la radi linaweza kumwaga upepo kwenda chini na kuusambaza pande zote kwa dakika chache.

Tahadhari hii si woga. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ilipokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Ile ilikuwa kubwa kuliko ndege ndogo tunazozieleza hapa, lakini nayo ilikuwa katika hatua hiyohiyo ya mwisho.

Kwa vijiji vyenye viwanja vya udongo, ambako ndege huja kuchukua mgonjwa, kuna la kufanya. Ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti humwonyesha rubani upepo unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Ukichanika au ukiibwa, anabaki kukisia kwa moshi na miti. Mbuzi nao waondolewe mapema, maana rubani aliyekwisha kupambana na vishindo hana nafasi ya kukwepa mnyama.

Na ndege ikiondoka bila kutua? Rubani anaweza kuzunguka akisubiri upepo upungue, kujaribu tena, au kwenda kiwanja kingine kama Songwe, Mbeya. Kutoka huko hadi Songea ni zaidi ya kilomita 400 kwa basi, na abiria wana haki ya kununa.