Vidudu Havitatuondolea Zebaki

Wapo watakaosema kwamba zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Buhemba, wilayani Butiama, na kwingineko Bunda isitutie hofu, maana udongo na maji vina bakteria wanaoimudu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari.

Bakteria wa namna hiyo wana protini zilizogawana kazi. Moja ni mlinzi: hukaa juu ya uzi wa urithi, na zebaki ikiingia hutoa amri wenzake watengenezwe. Ya pili huinasa zebaki ukutani. Ya tatu huipokea na kuipitisha ndani, mkono kwa mkono, isipate nafasi ya kugusa kitu kingine. Ya nne huigeuza kuwa mvuke, ikatoka. Moja ikikosekana, kazi nzima hulegea. Laiti idara zetu zingepokezana mafaili hivyo!

Lakini mvuke huo hauishii hewani. Husafiri, hubadilika, kisha hurudi ardhini na majini pamoja na mvua. Bakteria amejiokoa yeye, hakutuokoa sisi. Isitoshe, wako wengine wakaao topeni pasipo hewa, ambao kwa protini mbili tu, zilizotambuliwa mwaka 2013, huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, ipandayo kutoka vijimea hadi samaki wadogo, hadi samaki wakubwa, hadi sahani ya mama mjamzito. Sumu ya aina hiyo, iliyomwagwa na kiwanda, ndiyo iliyowapooza walaji samaki wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Hatuwalaumu wachimbaji, wanatafuta riziki. Lakini mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, asiyepata kushika chembe ya dhahabu, naye ana haki yake.

Taifa letu liliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Tunawataka viongozi wa Musoma, Butiama na Bunda wahakikishe kwamba zebaki inachomwa katika chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke, wala si juu ya jiko uani mwa watoto. Kwamba marudio yanazuiwa yasisombwe na mvua hadi mitoni. Na kwamba samaki wa mialo yetu wanapimwa, majibu yakasomwa kwa Kiswahili katika mikutano ya hadhara, visiwani kwanza.