Kofia za njiti zifumwe kabla ya Juni

KUTOKA NYANDA ZA JUU
Na Tumaini Mwalongo

Njombe ya Aprili ina nafasi ambayo miezi mingine haina. Palizi imekwisha, mahindi yanakomaa yenyewe shambani, mavuno bado. Mvua iliyoanza Novemba inaaga kwa manyunyu ya jioni. Vijana waliomaliza kidato cha nne wapo nyumbani wakisubiri kidato cha tano, ambacho huanza Julai. Juni ikiingia, usiku joto litashuka chini ya sentigredi 10, na huko mabondeni wengine wataamka wakute sakitu juu ya majani.

Ndiyo maana msimu huu maduka ya nyuzi ya mitaani huwa na watu. Nazungumzia yale ya chumba kimoja: nyuzi zimepangwa kwa rangi hadi darini, sindano za kufumia zimefungwa mbili mbili mlangoni, na barazani pana benchi. Siku za kazi wateja ni mafundi wa sweta za shule na akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi. Jumamosi mchana, watu wakishatoka sokoni, benchi lile hugeuka darasa. Bibi aliyejifunzia kufuma kwenye vikundi vya Umoja wa Wanawake Tanzania (UWT) hukaa bega kwa bega na binti aliyekuja kununua uzi wa nywele tu. Siku hizi hata vijana wa kiume hukaa, na nafurahi kuwaona.

"Bibi, vitanzi vimenikimbia."

"Fumua mistari miwili, mwanangu, uanze tena."

Hakuna ada wala fomu, na hakuna anayeulizwa anasali wapi. Mwenye duka hutoa mabaki ya uzi kwa wanaojifunza, na akiona mkono umetulia huwapa kazi ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike leo: kofia za watoto njiti.

Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Joto lake hupotea upesi. Akipoa, nguvu ambayo angeitumia kupumua na kukua huishia kwenye kutafuta joto. Tiba iliyothibitika kuliko nyingi haihitaji umeme: mama humbeba mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa amevaa nepi, soksi na kofia. Wanaiita huduma ya kangaruu, na ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika habari hii, na sijui kwa nini hatuisemi kwa sauti. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa hospitali tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizofanya utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 walianza kubebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojea kwanza hali zao zitulie. Vifo vilipungua kwa asilimia 25 kuliko kwa wale waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: mtoto awekwe kifuani mapema.

Kwa hiyo kofia ile si pambo, wala si zawadi ya kupigia picha wodini. Ni kifaa cha tiba, na Julai ya Njombe haimsubiri mtu atafute kofia mjini. Mpwa wangu alizaliwa Julai akiwa na wiki 31. Kofia yake ya kwanza ilifumwa na mwanamke ambaye hatukuwahi kumjua, na mama yake anaitunza hadi leo.

Kwenye marobota ya mitumba utapata kofia za watoto tele, lakini nyingi ni za mtoto wa miezi sita. Kichwa cha mtoto wa kilo moja na nusu hakizidi chungwa kubwa. Kofia ya namna hiyo lazima ifumwe, na lazima anayefuma aambiwe vipimo. Hapo ndipo naziomba hospitali zetu zisaidie. Nimeona michango mizuri ikirudishwa kwa sababu ilikuwa na vifungo, au vishungi ambavyo mtoto anaweza kuvivuta hadi mdomoni. Waliofuma hawakuwa na kosa, kwani hawakuwa wameambiwa. Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga akiandika karatasi moja ya vipimo na mahitaji, ikabandikwa mlangoni pa duka la nyuzi mwezi Machi, kazi ya msimu mzima itanyooka.

Sheria za kazi zilizorekebishwa mwaka 2025 zimewaongezea likizo wazazi wa njiti walioajiriwa, nami naishukuru hatua hiyo. Lakini wengi wanaojifungua hapa ni wakulima. Hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Walio nao ni majirani, na Aprili majirani wana muda.

Ukitaka kuanza Jumamosi hii, nunua uzi laini wa pamba au akriliki. Uache wa sufu, huwasha ngozi changa. Fuma ivutike, usiweke kifungo, utepe wala shanga. Ukimaliza, ifue kwa sabuni isiyo na manukato, ianike juani, ifunge kwenye mfuko safi uipeleke kwa muuguzi kabla Mei haijaisha. Na ukifika kwenye kupunguza vitanzi vya utosini, ambako wanaoanza wengi hukwama, mpe bibi wa benchini sindano akuonyeshe.