Chama Kitembee

Wazee, kina mama, vijana wa steji za bodaboda kutoka Nyeri mjini hadi Karatina, Othaya, Kerugoya na Nanyuki: siku ya kliniki ya sukari, tazameni benchi. Hamkosi kumwona shosho mwenye sweta mbili, kijitabu chake kimo ndani ya kiondo. Kidole kimeshadungwa, sukari imeandikwa. Sasa anavishwa mkanda wa mashine ya presha. Unajaa upepo, unambana mkono, unalegea: 160 na ushei. Muuguzi anamuuliza kama anafanya mazoezi. Shosho anacheka. Mazoezi si ya watoto wa shule? Kisha anatoka, anapanda boda hadi mlangoni kwake.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Sukari ya aina ya pili na presha hukaa nyumba moja. Sukari ikikaa juu, mishipa hukakamaa na figo huchoka. Presha nayo humalizia macho, figo na moyo. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,148 wenye maradhi yote mawili, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka minane. Kundi lililobanwa vizuri lilikuwa na presha ya wastani wa 144 kwa 82. Lile jingine, 154 kwa 87. Pointi kumi tu za namba ya juu. Lakini kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na vifo vya kisukari kwa asilimia 32.

Hao walitumia dawa, na wewe usiache zako. Ila mazoezi ya mfululizo hushusha pointi chache juu ya kazi ya dawa: mishipa hulegea, na msuli unaofanya kazi hufyonza sukari hata insulini inapolemewa.

Najua jibu lenu: sisi ni watu wa jembe. Tulikuwa. Siku hizi shamba limegawanywa hadi likawa bustani, kibarua ndiye anayelima, na maji yako mferejini. Kahawa huchumwa kwa msimu. Presha haina msimu. Huku ndiko alikotoka Catherine Ndereba, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47, rekodi ya dunia wakati huo. Hatuombi rekodi. Tunaomba dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa mara tano, mwendo wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba.

Peke yako hutaweza. Ukungu wa Julai unajulikana, na blanketi pia. Lakini ni kijiji gani cha mlima huu kisicho na chama? Tunachanga, tunakopeshana, tunatozana faini kwa kuchelewa. Hakuna daktari mwenye ukali wa mweka hazina wa chama. Basi chama kitembee nusu saa kabla ya pesa kuhesabiwa. Siku nyingine nne, majirani wapitiane milangoni. Asiyetoka alipe faini.

Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji. Septemba 2023 serikali ilizindua vifaa vya wahudumu 100,000 nchini, mashine za presha na za sukari zikiwemo. Awapime kabla ya kuanza, awapime tena baada ya miezi mitatu, namba ziandikwe kwenye daftari lile lile la michango. Mwenye namba ya juu inayopita 180 amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini au glibenklamaidi abebe peremende mfukoni, maana sukari yaweza kushuka njiani. Viatu viwe vya kufunika vidole, na nyayo zikaguliwe jioni. Kidonda kidogo kimewafanya wengi wakatwe mguu.

Nanyi waheshimiwa wa kaunti: Desemba 2018 Nyeri iliwekwa kati ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote kwa sababu ya mzigo wa maradhi haya haya. Mnatujua vizuri, basi. Lango la uwanja wa Ruring'u liwe wazi alfajiri, bila ada, na barabara zetu zipate njia za miguu. Haifai guka akwepe matatu upande huu na lori la majani chai upande ule kwa sababu tu anatafuta afya.

Mkutano wenu ujao ni lini? Njooni na raba.