Mkondo Unaofika Nyuma ya Jiwe



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya malezi, wazee, jiko na ujirani. Wiki hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya tangi la maji ya bahari, kwani tangi hilo nusura liache huzuni katika nyumba ya dada yetu, na yaliyotupata mbele yake yanaweza kumfaa kila mwenye kuweka kiumbe hai chini ya dari yake.

Dada yetu na mumewe wanaishi Maskati, Oman. Tulipokwenda kuwatembelea tulilikuta sebuleni mwao tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120 na ujazo wa lita 300. Ndani yake mlikuwa na mawe, samaki wachache na matumbawe hai. Tangi lilikuwa la mpwa wetu, binti wa miaka kumi na mmoja, ambaye baba yake alimwahidi zawadi hiyo alipomaliza masomo ya mwaka kwa bidii. Lakini binti hakuwa na furaha. Tumbawe alilolipenda kuliko yote, ambalo wafugaji huliita nyundo kwa umbo la ncha za minyiri yake, lilikuwa limejikunyata. Kati ya vichwa vyake vitano, viwili vilikuwa vimekufa na kubaki mifupa mieupe.

Shemeji alitueleza kwa uchovu. Maji aliyapima kila wiki: chumvi ilikuwa sawa, joto lilikuwa sawa, taa ilikuwa nzuri. Muuzaji alimwambia kwamba mkondo ni mdogo, anunue pampu yenye nguvu zaidi. Akanunua. Hali ikazidi kuwa mbaya. "Shemeji, nimechoka," alisema. "Mwisho wa mwezi huu nalivunja tangi hili." Binti alikuwa mlangoni, akasikia, akaenda zake chumbani bila ya kusema neno.

Katika nyumba hiyo anaishi pia baba mzazi wa shemeji yetu, mzee aliyezaliwa Pemba na kuvua samaki huko ujanani mwake kabla ya kuhamia Oman. Mzee hakuwahi kuulizwa jambo lolote kuhusu tangi, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa ni mambo ya umeme na ya kisasa. Jioni ile, baada ya chai, alivuta kiti akakaa mbele ya kioo kwa muda mrefu. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia alete chakula cha samaki, akitie majini kidogo kidogo, nasi sote tutazame kinakokwenda.

Tulitazama. Chembe za chakula zilishikwa na mkondo, zikapita mbele ya mawe kwa kasi kama zilizorushwa, zikalipiga lile tumbawe moja kwa moja, kisha zikazunguka na kurudia njia ile ile. Nyuma ya mawe hapakufika hata chembe moja. Huko mchanga ulikuwa umefunikwa na taka na utando mwekundu wenye utelezi.

"Maji haya yanakwenda njia moja tu, usiku na mchana," mzee alisema. "Bahari gani hiyo, mwanangu? Nyuma ya jiwe hapafiki kitu, na mbele ya jiwe hapapumziki."

Maneno hayo yanataka maelezo, nasi tutayatoa kwa kadiri tulivyojifunza. Tumbawe ni mnyama, wala si mmea wala jiwe, ila ni mnyama aliyegandamana na mahali pake. Samaki akikosa hewa huogelea kutafuta pengine, na kaa akichafukiwa huhama. Tumbawe haliwezi. Mchana, vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani ya nyama yake hulilisha kwa nguvu ya mwanga na kulipatia oksijeni. Usiku vijimea hivyo havitoi tena oksijeni, na tumbawe hutegemea ile inayoletwa na maji. Tena, juu ya ngozi yake hubaki tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na kila maji ya jirani yanapokuwa mazito na yasiyosogea, tabaka hilo hunenepa, hewa ikapenya kwa shida, na uchafu wake ukachelewa kuondoka. Mkondo ndio unaolipunguza tabaka hilo. Kwa hiyo mkondo kwa tumbawe ni pumzi, ni sahani ya chakula na ni ufagio, vyote kwa pamoja.

Lakini mkondo wa baharini hauna sura moja. Wenyeji wa pwani yetu wanajua kwamba maji hupwa na kujaa, kila hali kwa muda wa saa sita hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na baina yake huwapo maji mafu. Kaskazi na kusi nazo huleta mawimbi kutoka pande zake. Tumbawe la mwambani hupigwa na maji kutoka huku, kisha kutoka kule, kisha huachwa likapumua. Katika tangi la shemeji yetu, pampu zote zilibandikwa upande mmoja wa kioo, kwa kimo kimoja, zikielekea mahali pamoja. Nguvu ilikuwapo ya kutosha tangu mwanzo. Pampu mbili za awali zilisukuma lita 3,000 kila moja kwa saa, yaani lita 6,000, ambazo ni mara 20 ya ujazo wa tangi, na hicho ni kiasi ambacho wafugaji wengi hukiona kinatosha kwa matumbawe laini na yale yenye minyiri mikubwa. Matumbawe ya matawi magumu ndiyo yanayotaka zaidi, mara 30 au 40. Pampu ya tatu, basi, iliongeza kipigo pale pale palipokuwa na kipigo.

Siku ya pili tulifanya kazi pamoja, mzee akielekeza kutoka kitini. Kwanza tulichomoa umeme wote kabla ya mkono wowote kuingia majini. Pampu kubwa ikatolewa. Zile mbili za awali zikabandikwa kwa sumaku zake katika vioo vya ubavuni, moja kulia na moja kushoto, zikitazamana kwa pembe, ili mikondo yake ikutane karibu na kioo cha mbele na kuvunjikana hapo. Mikondo miwili inapogongana hupoteza ukali wake na kusambaa kila upande bila ya njia maalumu, na huko kusambaa ndiko kunakofanana na bahari.

Pampu ya kushoto tuliiweka juu zaidi na kuiinua kidogo, ili uso wa maji upate viwimbi, kwa kuwa ni usoni ndiko oksijeni inakoingilia. Hatukuiweka juu mno, kwani pampu ikivuta hewa hujaza tangi mapovu na kurusha chumvi ukutani. Ya kulia tuliiweka chini kidogo, lakini si karibu na mchanga, isije ikauchimba. Kisha tuliyasogeza mawe mbele, mbali na kioo cha nyuma, ili maji yapate uchochoro wa kupita. Tumbawe la nyundo likahamishiwa mahali ambapo minyiri yake ingeyumba polepole, mbali na mdomo wa pampu yoyote, maana mkondo wa karibu na wa moja kwa moja huweza kuichuna nyama ya tumbawe hadi kwenye mfupa.

Kwa kuwa pampu hizo zina kidhibiti chake, shemeji alizipanga kwa zamu: saa sita hii iwe na nguvu na ile ipunguze, kisha zibadilishane. Mzee aliposikia alicheka. "Sasa mmeniletea kupwa na kujaa," alisema.

Mpwa wetu akatia tena chembe za chakula. Safari hii zilizunguka, zikapotea nyuma ya mawe, zikatokea upande wa pili. Aliruka kwa furaha, akamshika babu yake mkono.

Hatutasema kwamba mambo yalinyooka siku ile ile. Usiku wa tatu tulizima pampu kwa dakika kumi ili samaki wale kwa utulivu, kama ilivyo desturi ya wafugaji, tukashughulika na wageni, tukasahau kuziwasha. Alfajiri, shemeji alipoamka kwa ajili ya sala, aliwakuta samaki wamepanda juu wakihema kwenye uso wa maji. Waliokolewa kwa dakika chache. Tangu siku hiyo hazimi pampu bila ya kutega saa ya kumkumbusha, na amenunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri kwa ajili ya siku ya kukatika umeme.

Kwa mwenye tangi kama hilo, tunaongeza mambo machache. Waya wa kila pampu uning'inie chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiufuate waya hadi kwenye tundu. Pampu zisafishwe kila baada ya miezi michache kwa kulowekwa katika maji yaliyotiwa siki, kwani chokaa huzipunguzia nguvu taratibu bila ya mtu kutambua. Mwenye kufuga anemoni aziwekee pampu wavu, kwa sababu mnyama huyo hutembea na huweza kuvutwa ndani. Na matumbawe yanunuliwe kwa wanaoyaotesha wenyewe. Kumega mwamba hai wa baharini kwa ajili ya pambo la sebuleni ni uharibifu, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hayavushwi mpaka bila ya kibali.

Tulipoaga, wiki mbili baadaye, vichwa vitatu vilivyosalia vilikuwa vimefunguka na kuyumba. Viwili vilivyokufa havikurudi, na binti aliomba visiondolewe.

Kiumbe tunachokifungia ndani ya kioo ni amana mikononi mwetu, kwa sababu tumekiondolea njia ya kujitafutia. Kabla ya kununua kitu kingine, tukae mbele yake tutazame nini kinakifikia na nini hakikifikii. Na katika nyumba zetu, tusingoje hadi mambo yaharibike ndipo tumvutie kiti mzee tumuulize anaona nini.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.