Breki za Gari la Umma ni Amana

Mteremko haumjui mkubwa wala mdogo. Mwenye kuendesha gari katika vilima vya Madale, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, anajua kwamba uhai wake na wa abiria wake umo katika pedali moja tu. Hata hivyo, si ajabu dereva wa Land Rover au Land Cruiser ya ofisi anapoeleza kuwa pedali imekuwa laini, akajibiwa: "Nenda kwanza, tutatengeneza ukirudi."

Jibu hilo hatukubaliani nalo. Pedali laini si kero ya kuzoewa, bali ni onyo. Mafuta ya breki hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye magurudumu. Upepo hubanwa, ukiingia katika mirija, mguu hukandamiza upepo na gurudumu halipati kitu. Isitoshe, mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, jambo ambalo ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wapaswa kulizingatia zaidi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hutakiwa kustahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishaingiwa na maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hugeuka mvuke na pedali huzama.

Dawa yake ni kutoa upepo, na haihitaji mtambo mkubwa. Fundi mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwenzake hulegeza nipeli ya gurudumu, huacha mapovu na mafuta machafu yatoke kwa mpira hadi kwenye chupa, kisha huikaza kabla pedali haijaachiwa. Aghalabu huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na chombo cha mafuta hakiachwi kikauke. Baadhi ya magari haya yana vali ya nyuma inayopima uzito wa mzigo. Nayo ikiwa na nipeli yake, isisahauliwe. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, wala mafuta ya injini yasitiwe humo, kwani huharibu mipira.

Tarehe 24 Februari, 2024, watu 25 walipoteza maisha huko Ngaramtoni, Arusha, katika ajali ambayo Polisi walieleza kuwa lori lilikatika breki na kugonga magari mengine. Breki za malori makubwa zimeundwa kwa namna nyingine, lakini msiba hauulizi muundo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, nayo haikumtoa mtu kwa sababu ya cheo chake. Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa Bara na Visiwani. Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na tarehe iandikwe katika daftari la gari. Na dereva anayekataa kuondoka na pedali laini asionekane mkaidi wala asiadhibiwe. Huyo ndiye anayelinda mali ya wananchi na roho ya mkubwa wake.

Gari la umma ni amana. Mdharau mwiba mguu huota tende.