Kizidishi cha Usalama si Akiba

Miongoni mwa wasafirishaji wa mizigo, na hata baadhi ya wanaowasimamia, imeenea dhana kwamba daraja la barabara kuu hujengwa libebe mara mbili ya uzito ulioruhusiwa, na kwamba tani chache zilizopitishwa kijanja kwenye mizani haziwezi kulidhuru. Dhana hiyo inakichukulia kizidishi cha usalama, yaani namba ambayo mhandisi huzidishia mzigo anaoutarajia kabla ya kuchagua unene wa chuma, kana kwamba ni nafaka iliyobaki ghalani ikimngoja mwenye shida.

Ghala hilo lina mwenyewe. Kanuni za Marekani za mwaka 1994 huzidisha uzito wa zege la daraja kwa 1.25 lakini uzito wa magari kwa 1.75, kwa sababu zege hupimika, ilhali malori yatakayopita katika miaka 75 hayajulikani. Kizidishi, kwa hiyo, ni gharama ya kutojua: hufidia chuma kilichotoka kiwandani kikiwa dhaifu kidogo, au malori mawili mazito yanayopishana katikati ya daraja. Anayezidisha shehena kwa makusudi huila fidia hiyo, na huchosha chuma pia, kwani mkazo ukiongezeka maradufu, madhara ya uchovu huongezeka takriban mara nane.

Isitoshe, kizidishi hakikingi kosa la hesabu. Huko Minneapolis, daraja lililofunguliwa mwaka 1967 juu ya mto Mississippi liliporomoka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, huku marundo ya mchanga na kokoto za ukarabati yakiwa juu yake. Uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya mabamba yaliyounganisha nondo kubwa za kiunzi kwenye mafundo yake yalikuwa na unene wa nusu inchi, takriban nusu ya uliohitajika. Hesabu za uwezo wa daraja zilizofanywa baadaye ziliyaruka mabamba hayo, kwa kuwa iliaminika, na imani hii ni ndugu wa ile ya wasafirishaji, kwamba fundo siku zote lina nguvu kuliko vinavyofungwa nalo. Picha za mwaka 2003 zilikwisha kuonyesha mabamba yakiwa yamepinda. Wakaguzi walikuwa wakitafuta kutu na nyufa.